Maneno Yaliyotangulia Reli Lodwar

Lodwar haina stesheni ya reli, wala haijawahi kuwa nayo. Kakuma vilevile. Mtu wa huku anayetaka kuona reli kwa macho yake hupanda basi, akazipita Lokichar na Kainuk, akakwea kona za Marich, akaibukia Kitale, ambako tawi la reli lililochepuka Leseru, karibu na Eldoret, lilifika mwaka 1926 na kukomea hapo. Kutoka Lodwar ni mwendo wa kilomita zipatazo 300. Anayetoka Kakuma aongeze kama 120 nyingine. Juu ya hayo yote, neno stesheni limeenea Turkana nzima. Watoto hulisoma vitabuni pamoja na garimoshi. Wazee hulisikia barazani kila unapotajwa LAPSSET, mradi wa bandari ya Lamu, barabara, mabomba na reli. Wakimbizi wa Kakuma wamekuja nalo katika lugha zao, kila mmoja kwa sura yake.

Stesheni ambayo bado ni neno tu nayo ina historia, na historia hiyo yafaa iandikwe sasa, kabla wapima ardhi hawajafika na maneno yao mkononi. Reli yoyote huja na msamiati wake. Wenye msamiati huo ndio wanaojua wapi patachimbwa, nani atahama na nani atalipwa. Asiyekuwa nao hupewa karatasi atie sahihi.

Kiswahili chenyewe kimewahi kusimama mahali hapo. Reli ilipoanza kulazwa Mombasa mwaka 1896, lugha hii haikuwa na majina ya mambo hayo mapya. Iliazima yaliyokuwa ya lazima: reli, treni, stesheni, tiketi. Mengine iliyatafuta nyumbani na baharini. Behewa, ambalo leo ni chumba cha treni, lilikuwa jina la uwanja wa ndani au ghala katika nyumba za mawe za pwani. Taruma ni ubao unaotia nguvu ubavu wa jahazi. Neno likavuka kutoka kwa fundi wa vyombo hadi kwa fundi wa reli, na mpaka leo vile vipande vinavyolala chini ya chuma, viwe vya mbao au vya zege, huitwa mataruma. Nauli ilikuwa malipo ya chombo cha baharini. Shehena ilikuwa mzigo wa chombo hicho hicho. Magazeti yetu yanapoandika kwamba treni imeng'oa nanga, hakuna msomaji anayeshtuka, ingawa treni haina nanga na haikupata kuwa nayo. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, msamiati wa majahazi ulikuwa umefikishwa bara kwa chuma, hadi kwenye ziwa la maji baridi.

Hakuna kamati iliyokaa kuyaamua hayo. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, na BAKITA ikaundwa Tanzania mwaka 1967. Wakati huo mataruma yalikuwa yamekwisha lazwa, kwa maana zote mbili. Waliovipa vitu majina ni wale waliovibeba na kuvipanda. Desturi hiyo haijafa. Wakazi wa Dar es Salaam walipoletewa treni ya mjini mwaka 2012 waliiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, na jina rasmi likakosa nafasi. Nairobi, nyumba walizojengewa wafanyakazi wa reli ziliitwa landi, ndipo tukapata Landimawe. Garimoshi nalo ni gari lililotoka India likakutana na moshi wetu. Moshi ulikwisha injini za mvuke zilipostaafishwa, na treni ya umeme inayokwenda Dodoma tangu 2024 haina hata chembe ya moshi, lakini jina linaendelea na safari. Naupenda ukaidi huo wa jina.

Katika maneno yote ya reli, linalonishika zaidi ni kituo. Kenya tunasema stesheni kwa treni na steji kwa matatu. Tanzania husema stendi kwa mabasi ya mbali na kituo kwa daladala. Kwenye maandishi rasmi, hata hivyo, kituo kimeshinda kila mahali: kituo cha reli, kituo cha polisi, kituo cha afya, kituo cha kupigia kura, kituo cha redio. Mzizi wake ni tua. Mchukuzi hutua mzigo. Ndege hutua. Jua hutua. Aliyepata raha ya moyo ametulia, na kitenzi hicho ni mtoto wa tua. Washairi huuita kituo mshororo wa mwisho wa ubeti, na walimu huiita kituo nukta inayofunga sentensi. Kwa hiyo aliyeita mahali pa treni kituo hakuwa akiitazama treni. Alikuwa akimtazama mtu mwenye mzigo kichwani, anayetaka kujua wapi atauweka chini.

Waarabu wamefika hapo kwa njia yao. Mahatta, neno lao la stesheni, linatokana na kitenzi chenye maana ya kuweka chini, kushuka, kutua. Nalitaja kwa sababu Kakuma linasikika. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana wa Sudan ambao walikuwa wamekimbia kwa miguu hadi Ethiopia, wakakimbia tena kutoka Ethiopia hadi Kenya, na Kiarabu cha kwao kikaja pamoja nao. Reli ya Sudan ilikuwa imefika Wau mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakati wa vita vya miaka ya 1980 na 1990, treni ya kwenda Wau ilisindikizwa na wanamgambo waliochoma vijiji vya Wadinka kandokando ya reli na kuteka wanawake na watoto. Kwa aliyetoka huko, mahatta si mahali pa kutua mzigo. Ni mahali pa kukimbia. Mkongomani aliyetoka Kalemie, ambako reli inaufikia mwambao wa Ziwa Tanganyika, huja na gare la Kifaransa. Kisha yuko mtoto wa Kiturkana wa mjini Kakuma, aliyezaliwa zaidi ya kilomita 400 kutoka reli iliyo karibu naye, mwenye stesheni ya kitabuni. Ukikusanya watu hao chini ya mti mmoja na kuwaambia kwamba stesheni inakuja, kila mmoja atakuwa amesikia habari yake.

Kambi lenyewe ni neno la msafara. Kabla ya reli, pembe za ndovu na vitambaa vilisafiri vichwani mwa wapagazi, na mahali pa kulala paliitwa kambi: mnafika alasiri, mnakata miiba ya kujizungushia, mnawasha moto, alfajiri mnafunga mizigo. Wasafiri wa Kizungu Teleki na von Höhnel walipofika mwaka 1888 kwenye ziwa ambalo leo ni Ziwa Turkana, wakalipa jina la Rudolf, wapagazi wao walikuwa watu wa pwani kwa sehemu kubwa, na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara mashuhuri wa Pangani, alishiriki msafara huo. Kiswahili cha kambi, mizigo na posho kilifika huku kabla ya ofisi yoyote ya serikali. Msafara nao haukuondoka. Kwa miaka mingi mabasi ya barabara ya Kitale, Lodwar na Lokichoggio yalikwenda kwa kufuatana, polisi wenye bunduki mbele na nyuma, na abiria walijua kwamba hapana safari bila eskoti.

Sasa litazame neno hilo la usiku mmoja likiwa Kakuma. Limekaa tangu 1992. Watu wamezaliwa kambini, wakasomea kambini, wakaoa, wakazika wazazi wao. Zaidi ya watu laki mbili wanaishi chini ya neno linalowaambia kwamba alfajiri mnaondoka. Kalobeyei, iliyofunguliwa jirani mwaka 2016, iliitwa makazi, na tofauti ya majina hayo mawili ina maana kwa anayetaka kufungua duka au kupanda mti. Machi 2025 serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, wenye nia ya kuzigeuza kambi ziwe miji ambamo mkimbizi na mwenyeji watatumia shule na hospitali zile zile. Shirika lina kushiriki na kushirikiana ndani yake, na waliolichagua bila shaka waliyawazia hayo. Sikio la Kakuma, hata hivyo, limezoea shirika kuwa ni ofisi ya misaada yenye magari meupe. Mpango wa watu kumiliki mji pamoja ungestahili jina ambalo halianzii langoni mwa ofisi hiyo.

Hapa sina budi kukanusha jambo ambalo wageni wameliandika mara nyingi mno: kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali ambapo si popote. Si kweli. Kiswahili hakina neno kama hilo kwa maana hiyo, na kila anayeijua lugha hii anajua ni silabi gani zimo ndani ya jina hilo zisizotamkwa mbele ya wakwe. Kakuma ni jina la huku, ndugu yake Kalokol, Kainuk, Kaputir na Kalobeyei. Yako yanayoanza kwa Lo-, kama Lodwar, Lokichar, Lokitaung na Lokichoggio. Yako yenye Na-, kama Nakodok, Nadapal na Nariokotome. Jina la Lodwar wenyeji hulihusisha na uchungu, ule wa ulimini. Ni majina yaliyotolewa na watu wanaojua kila mti na kila lugga, yaani mto mkavu, wa nchi yao. Uongo ule unaniudhi kwa sababu una kazi unayoifanya. Ukiamini kwamba mahali fulani panaitwa si popote, hutaona shida kuchora mstari juu yake bila kuuliza mtu.

Waingereza walikuwa na stesheni Lodwar, ila haikuwa ya reli. Katika lugha ya utawala wao, makao ya afisa wa wilaya yaliitwa kwa neno lile lile la mahali pa treni. Waliotawaliwa wakayaita boma. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mtu wa nje aliingia kwa kibali. Ndiyo maana iliwafaa watawala kwa kuwaficha watu. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, na kifungo kilipoisha Aprili 1959 akahamishiwa Lodwar, akakaa hapo bila ruhusa ya kutoka hadi Aprili 1961 alipopelekwa Maralal. Stesheni ya namna hiyo ilikuwa na mlango wa kuingilia tu.

Reli ya wakati huo ilifuata mashamba ya walowezi: Kitale, Solai, Nanyuki, na Thomson's Falls ambayo leo ni Nyahururu. Uhuru haukuipinda njia hiyo. Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965 ulishauri kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza pale ambapo ardhi, mvua na miundombinu vingeleta mazao makubwa zaidi. Istilahi iliyoshika ni maeneo yenye uwezo mkubwa, na kwa istilahi hiyo sehemu pana ya kaskazini ikawa nchi isiyo na uwezo. Ngamia, mbuzi na ng'ombe wa Turkana hawakuhesabiwa kuwa uwezo. Samaki wa ziwa kubwa lile hawakuhesabiwa. Sijui neno jingine la kiofisi lililowagharimu watu wa kaskazini kuliko hilo.

Kitale basi ikawa mlango wa Turkana bila mtu kukusudia. Malori ya unga, sukari na mabati yalitokea huko. Samaki wakavu na mbuzi wakateremshwa huko. Miaka ya 1980 Norway ilisaidia kujenga barabara ya lami kutoka nyanda za juu hadi Lodwar, na ikajenga pia kiwanda cha kugandishia samaki Kalokol, ambacho kilishindwa karibu mara tu kilipowashwa. Tawi la reli la Kitale nalo likadorora, likakaa miaka mingi bila abiria. Lakini mpaka ambao reli iliuchora haukufutika vinywani. Mpaka leo utamsikia mtu wa Lodwar anayekwenda Kitale au Eldoret akisema anaenda Kenya. Wageni hucheka wakidhani ni mzaha. Anayesema hivyo anataja mahali hasa ambapo serikali ilikomesha chuma chake.

Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikutana Lamu kuzindua LAPSSET: bandari ya gati 32, barabara, mabomba ya mafuta, na reli ya kutoka Lamu hadi Isiolo, mkono mmoja ukielekea Moyale na Ethiopia, mwingine ukiikata Turkana kwenda Nakodok na Juba. Mwezi huo huo ikatangazwa kwamba mafuta yameonekana katika kisima cha Ngamia 1, karibu na Lokichar. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Reli ya Turkana haijalazwa hata taruma moja.

Jina la mradi ni herufi za Kiingereza zilizounganishwa. Hakuna mzee atakayelifungua akakuta bandari, Sudan wala Ethiopia ndani yake. Hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni neno linalobeba uzito wote wa mradi, lile ambalo Kenya tumelitafsiri kuwa ukanda. Ukanda ni mshipi. Ukanda pia ni eneo zima, kama tusemavyo ukanda wa pwani. Mpango wa LAPSSET unatenga njia yenye upana wa mita 500 ili barabara, reli, mabomba na nyaya zipite pamoja. Fanya hesabu: kila kilomita moja ya njia hiyo inachukua hekta 50. Nje ya hapo, kilomita 50 kila upande zimehesabiwa kuwa eneo la kiuchumi la mradi. Neno moja, ukanda, linatumika kwa yote mawili, mita 500 na kilomita 100. Mfugaji aliyeketi barazani akaambiwa kwamba ukanda utapita kwao hawezi kujua kama anaambiwa atavuka barabara au atapoteza malisho ya kiangazi. Msemaji mwenyewe mara nyingine hajui.

Kiswahili kinayo maneno ya kutenganisha mambo haya. Watanzania walipofikiwa na bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, walizoea kusema mkuza: kipande cha ardhi kilichopimwa na kufyekwa kwa ajili ya bomba, chenye upana wa mita 30. Mkuza una kingo. Unaweza kusimama ukingoni mwake, ukahesabu hatua hadi ukingo wa pili. Ushoroba, kwa upande mwingine, ni ujia mwembamba kati ya kuta, na wahifadhi wa wanyamapori wamelizoeza kwa mapito ya tembo na wanyama wengine. Hukumu yangu ni hii: zile mita 500 ziitwe mkuza, zile kilomita ziitwe ukanda, ushoroba waachiwe tembo na mifugo, ambao watahitaji kutajiwa wapi watavukia reli. Vijana wa Lokichar na Kakuma wakilikuta neno bora katika Kiturkana, neno lao litangulie langu.

Liko pia fidia. Asili yake ni malipo ya kumkomboa mateka, nayo sheria imeyafanya kuwa malipo ya hasara. Hasara ya nani? Sehemu kubwa ya Turkana ni ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaiweka ardhi ya namna hiyo mikononi mwa serikali ya kaunti kwa amana, na fidia yoyote itakayotoka hukaa katika akaunti ya amana hadi jamii itakaposajiliwa. Kila kitu basi kinaning'inia kwenye neno jamii. Awi ni boma la mtu, wake zake, watoto na mifugo, na awi huhama. Adakar ni maboma kadhaa yaliyoungana kulisha na kulindana. Hukusanyika na kutawanyika kwa kufuata mvua na kwa hofu ya wavamizi. Fomu huuliza makazi. Makazi yametoka kwa kukaa, na katika nchi hii huishi watu wanaojua kwamba anayekaa tu mahali pamoja mwaka wa ukame atazika mifugo yake yote. Mtathmini akihesabu kuta za saruji na kuiruka awi kwa sababu wiki hiyo imehamia kwenye majani, sheria haitamzuia mpaka mtu aiandike awi katika sheria kwa jina lake.

Mafuta yametuonyesha jambo hili likitokea. Mwaka 2018 wakazi waliyazuia malori ya mafuta ghafi yaliyokuwa yakielekea Mombasa, wakidai usalama na mgao wao. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 ikaweka asilimia 20 ya mapato ya serikali kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya mahali mafuta yanapotoka. Agosti mwaka huo mapipa zaidi ya 200,000 yakapakiwa melini. Nasema mapipa, na hata neno hilo lilihitaji mtu wa kulieleza: pipa la mafuta ni kipimo cha lita 159, halina chuma wala kifuniko, ilhali pipa la Lodwar ni chombo cha kuwekea maji, nacho hununuliwa kwa fedha. Asiyeelezwa tofauti hiyo atahesabu vibaya asilimia 5 yake. Na jamii ya mahali ni ipi: watu wa Lokichar mjini, waliolisha mbuzi kisimani kabla ya uzio, au Turkana yote? Sheria ilitaja fungu kabla mgao haujajulikana ni wa nani, na ugomvi ukapata pa kukaa. Reli itapita kwenye shimo hilo hilo ikiwa hatutalifukia mapema.

Majina ya stesheni zenyewe yasiachwe hadi siku ya sherehe. Reli ya kwanza ilipofika ziwani, mwisho wake uliitwa Port Florence, kwa jina la mke wa mhandisi mmoja. Jina likafa, Kisumu ikabaki. Sultan Hamud, kati ya Nairobi na Mtito Andei, bado ina jina la mtawala wa Zanzibar aliyefika kuitazama kazi ya reli mwishoni mwa karne ya 19. Sina ugomvi na sultani wala na bibi Florence. Ninachodai ni kwamba mahali penye jina lake pasibatizwe upya kwa ajili ya mgeni mashuhuri, awe rais, mfadhili au kampuni. Lodwar iitwe Lodwar. Nakodok iitwe Nakodok. Na kibao cha stesheni, siku kitakapowekwa, kiandikwe Kiturkana na Kiswahili kabla ya lugha nyingine yoyote.

Sheria iko upande wetu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na kimeitaka dola ikuze pia lugha za wenyeji. Ripoti za athari kwa mazingira, ramani za njia, ilani za kutwaa ardhi na fomu za fidia ni nyaraka za dola hiyo hiyo, na karibu zote huandikwa kwa Kiingereza. Naiomba serikali ya Kaunti ya Turkana iajiri watu wenye ujuzi wa Kiturkana na Kiswahili sanifu, waandae orodha fupi ya istilahi za reli, ardhi na mafuta, kila neno na maana yake, na isomwe redioni Lodwar na chini ya miti ambako wazee hukaa kuamua mambo. Wawemo pia wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei, maana njia ya kwenda Nakodok itapita kwao. Walimu wa shule za Kakuma waifanyie kazi darasani. Wanahabari wa Kiswahili wa Nairobi na Mombasa waache kuandika ukanda bila kusema ni upi.

Nawe msomaji, ukipata kuketi katika baraza lolote ambamo reli ya Turkana inatajwa, inua mkono kabla ya wimbo na hotuba, uulize: ukanda mnaousema ni wa mita 500 au wa kilomita 100? Kisha udai jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, kwa Kiswahili, pamoja na jina la aliyelitoa.